Gari Moja, Madereva Wawili

Ndeshi alizoea kusema na kompyuta kama mtu anayembembeleza ng'ombe aliyegoma kukamuliwa, kwa sauti ya chini, bila haraka. Mwaka ule wa 2006, katika kampuni ndogo ya safari mjini Karatu, hakuna aliyemshangaa tena.

Alikuwa ameandika programu ya kugawa magari ya kuwashusha wageni kreta, ndani ya lile bonde la volkano lenye wanyama. Madereva wawili wakiomba gari lile lile, apewe aliyetangulia. Aliandika na jaribio la kuipima: linajifanya madereva wawili, linatuma ombi moja, kisha la pili, halafu linaangalia nani kapewa. Kwenye kompyuta yake ya Linux lilifaulu kila mara. Kwenye ile ya bosi, yenye Windows, lilifaulu asubuhi likafeli mchana.

"Binti yangu," alisema Mzee Silvanus, mwenye kampuni, "wageni wanaanza Jumatatu. Kama haiaminiki, narudi kwenye ubao na chaki."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma Ndeshi. Wengine wote walimtaka achape barua tu. Mzee huyu peke yake ndiye aliyemwambia, andika programu.

"Usirudi kwenye ubao, mzee!" alidakia Lomayani, dereva, kutoka mlangoni. "Jina langu linafutwa na mgongo wa kila anayeegemea."

Ndeshi alishajua kilipo kidonda. Programu ilipanga maombi kwa kuuliza saa ya kompyuta, na saa ya ile Windows haikusogea taratibu, iliruka vipande vya sekunde kwa mpigo. Maombi yaliyofuatana upesi yalipata muda ule ule, programu ikampa yeyote. Basi akaliamuru jaribio lisubiri kidogo kati ya ombi na ombi. Likafaulu. Akafunga ofisi, lakini moyo haukutulia. Alichofanya ni kulifundisha jaribio uvumilivu, na madereva wa Karatu hawana uvumilivu.

Akapitia bombani kuchota maji. Yeye na jirani yake, Mama Piusi, wakafika kwa pamoja.

"Tumefika sawa, Ndeshi, usinipite!"

"Nimekupita wapi, mama, na wewe umeshatua dumu?"

Lukresia, muuza maji, hakuinua hata macho. "Nani kafika lini mimi sijui. Naangalia dumu lililo mbele. Mama Piusi, lete."

Ndeshi akacheka peke yake mpaka Mama Piusi akamuuliza kama anaumwa.

Kesho yake aliondoa kule kusubiri. Kila ombi likiingia, sasa lilipewa namba inayofuata ya aliyetangulia, bila kuuliza saa. Alilirudia jaribio kwenye Linux, akalirudia kwenye Windows huku mashine ikihangaika kunakili picha za wageni. Likafaulu, na likaendelea kufaulu.

Jumatatu, Lomayani na mwenzake Olais walikaa kila mmoja kwenye kompyuta yake, wakahesabu kwa Kimaasai, wakabonyeza pamoja. Gari likaenda kwa Olais.

"Mashine imekula rushwa!" alilalamika Lomayani. "Rudia!"

Wakarudia. Safari hii akapata yeye, akasahau rushwa.

Mzee Silvanus akamgeukia Ndeshi.

"Ukimaliza chai, uanze kuandika na programu ya kugawa mafuta ya magari."

Ndeshi aliitikia kwa kichwa tu. Angefungua mdomo, angelia mbele ya madereva, na Lomayani angemtania mwaka mzima.