Figo ya Mke Wangu Ilipotakiwa Hispania

Mke wangu alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya karatasi kichwani, tayari kupelekwa chumba cha upasuaji. Nikamwinamia nikamnong'oneza: "Usikubali kupasuliwa."

Na alikuwa anakwenda kutolewa figo ili mimi nipone.

Msinihukumu bado. Someni kwanza.

Naitwa Abílio. Nilikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha samaki wa kopo, mji wa Matosinhos, Ureno. Nilisoma shule ya usiku baada ya zamu, nikinuka samaki, na nikafaulu. Kwa hiyo mtu hanipigi changa la macho kirahisi.

Figo zangu zilipokufa nikawa mtu wa mashine. Damu inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Kesho kutwa tena.

Mke wangu Deolinda akasema, "Chukua yangu moja." Tukapimwa. Damu zetu hazikupatana.

Ndipo Daktari Noronha akatuita.

"Kuna njia. Tunashirikiana na hospitali moja ya Hispania. Huko kuna mke na mume wenye shida kama yenu. Figo ya mama Deolinda inamfaa mgonjwa wao. Ya mkewe inakufaa wewe. Tunabadilishana."

"Wanaitwa nani?"

"Hairuhusiwi kujua. Nao hawawajui ninyi."

Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Sisi Wareno tumekua na usemi: kutoka Hispania hakuji upepo mwema wala ndoa njema.

Sembuse figo?

Jirani yangu wa kwenye mashine, Hermínio, ndiye aliyenimaliza kabisa. "Mzee, umeliwa! Ya mkeo ikishapanda ndege utamdai nani? Utapiga simu Madrid useme, halo, nirudishieni figo?"

Chumba kizima kikacheka. Mimi sikucheka.

Nikarudi kwa daktari. "Nani anaanza kupasuliwa?"

"Wote pamoja. Madaktari wanapigiana simu, wanaanza kwa wakati mmoja, ili asitokee wa kutoa halafu mwenzake akageuka."

"Na hiyo simu nani ataisikia?"

"Bwana Abílio..."

"Nauliza tu."

Siku ikafika. Tukalazwa vitanda viwili, bega kwa bega, tukisubiri simu.

Tukasubiri. Tukasubiri.

Wauguzi wakaanza kunong'onezana mlangoni. Nikasikia "Hispania". Nikasikia "bado". Daktari Noronha akapita, simu sikioni, uso umekunjamana. Macho yetu yalipokutana, akatazama pembeni.

Nikajua ni mtego. Ndipo nikamwinamia Deolinda.

"Sema tumbo linakuuma. Figo yao itue hapa kwanza, niione."

"Ukiiona utaijua? Wewe ambaye buchani hujui figo wala ini?"

"Deolinda, hawa ni Wahispania!"

Nikamwita daktari. Nikamwambia wazi: mke wangu haguswi mpaka Wahispania waanze.

Daktari akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Unajua kwa nini tumechelewa? Mgonjwa wao amegoma. Mkewe yuko tayari tangu asubuhi, lakini mzee anasema haguswi mpaka Wareno waanze. Anasema Wareno anawajua."

Nikapandwa na hasira. "Anatujua vipi? Hana adabu huyo! Anawashuku watu wa heshima, watu asiowahi hata kuwaona?"

Daktari na Deolinda wakatazamana.

Deolinda akaketi kitandani, kofia yake ya karatasi imekaa upande.

"Daktari, wapigie. Waambie mwanamke wa huku anaingia sasa hivi, hasubiri mwanamume yeyote. Na huyo mama wa kule mpe pole yangu. Najua anavyoishi."

"Deolinda!"

"Nyamaza, Abílio. Figo ni yangu. Nikitaka nampa Mhispania, nikitaka nampa paka."

Daktari akatoka mbio. Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Yule mama ameshuka kitandani, ameingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake. Mumewe bado anabishana na ukuta."

Wakamsukuma Deolinda. Hakugeuka kuniangalia. Nilibaki nikiogopa kwamba maneno niliyomnong'oneza ndiyo atakayoyakumbuka kama ya mwisho kutoka kwangu.

Nilipozinduka, muuguzi aliinua mfuko kando ya kitanda. "Tazama, baba. Mkojo wako."

Nilikuwa nimeshasahau rangi yake. Nikalia kama mtoto mbele ya mfuko wa mkojo.

Kutoka kitanda cha pili nikasikia sauti dhaifu: "Umeona? Wahispania wanafanya kazi."

Simjui yule mzee mpaka leo. Yeye anaishi kwa figo ya mke wangu, mimi kwa figo ya mkewe. Wanawake wawili wasiojuana waliaminiana, huku sisi waume zao tukilinda mlango usio na mwizi.

Ndugu zangu, miaka yote nilidhani kushuku ndiyo akili. Kumbe yule unayemshuku mara nyingi naye amekaa kwake, anakushuku wewe kwa maneno yaleyale. Lazima mmoja aanze. Na kama wewe huna moyo wa kuanza, basi angalau usimshike mkono yule aliye nao.