Ukuta wa Udongo na Kisima cha Jirani

Nilipohitimu masomo ya jioni kuhusu maji ya ardhini, huko Richardson, Texas, nilijiona nayajua maji kuliko mvua yenyewe. Ofisi ya wahandisi ikaniajiri, ikanipeleka pembezoni mwa Houston. Kiwanda kilichofungwa kilikuwa kimeacha sumu ardhini, nayo ilikuwa imezungushiwa ukuta wa udongo mfinyanzi, wote umezikwa, ili maji machafu yasitoke. Kompyuta ya kukadiria mwendo wa maji ilitaka namba moja tu: ukinzani wa ukuta, yaani unavyoyachelewesha maji. Unagawanya unene wake kwa kasi ya maji kupenya udongo ule, jibu linakuja kwa siku.

Nikatumia kasi iliyopimwa maabara, kwenye kipande kimoja cha udongo. Zikatoka siku nyingi mno, kikokotoo nusura kitoe jasho.

Nje ya ukuta, upande maji yanakoelekea, aliishi mama Mkongomani aliyepanga nyumba yenye kisima. Aliposikia Kiswahili changu kwenye simu alikuja mbio hadi kwenye uzio.

"Mwana yangu, haya mayi tunaweza kunywa?"

"Kunywa, mama! Vitukuu wako watazeeka kabla tone halijavuka."

"Nyie Watanzania muna kinywa!" Akacheka. Lakini aliniamini.

Bosi wangu, mzee wa Texas asiyejua kutabasamu, aliikataa namba yangu. "Umepima kipande. Ukuta una maungio, na maji hupenya kwenye maungio."

Tukavuta maji ya ndani ya ukuta kwa pampu siku kadhaa, tukishusha tepu ya kupimia kina cha maji kwenye mabomba mawili yaliyozamishwa ardhini, la ndani na la nje. Ukuta ukiwa mzima, maji ya nje hutulia. Lakini haya yalishuka pamoja na ya ndani. Nilipima tena na tena, nikiomba macho yangu ndiyo yawe mabovu. Tulipopiga hesabu upya, ule ukinzani wangu wa kutisha ulikuwa umebaki kiduchu.

Nilikwenda kwa yule mama saa ileile.

"Mama, msinywe tena mpaka kisima kipimwe."

"Ulisema vitukuu."

"Nilisema, mama. Nilikosea."

Aligeuka kumtazama mjukuu wake mezani. "Uji wake nimepika na hayo mayi."

Mimi, mwenye maneno kuliko redio, nikachukua bakuli la mtoto. Tukamwaga uji, tukamwaga na ndoo zote.

Majibu ya maabara yalirudi safi. Sumu haikuwa imefika. Nilimsomea karatasi mstari kwa mstari. Akanishukuru kwa adabu, akaikunja, akaendelea kununua maji ya dukani.