Bodi la Kimo cha Mama

Mama alidhani nampima gauni. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye ua wake kule Kishanda, nikipima kutoka kiunoni kwake hadi ardhini, naye kasimama wima, kidevu juu.

"Liwe refu kidogo," akasema. "Magoti yangu siku hizi si ya kuonyesha watu."

"Si gauni, mama. Ni bodi la gari."

Akashangaa kwa Kihaya: "Mawe! Umeanza kuyashonea magari?"

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Hamugembe mjini Bukoba, na wiki hiyo nilikuwa sishikiki kwa furaha. Nilikuwa nimenunua pikapu. Ilikuwa kuukuu, injini nzima, ila bodi la nyuma lilikuwa limeliwa na kutu mpaka ukichungulia unaiona barabara. Sikujali hata kidogo. Kila jioni niliizunguka, nikafungua mlango na kuufunga, basi tu niusikie.

Niliinunua kwa sababu moja. Miaka yote mama amebeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka kibanjani, shamba lake la migomba, hadi barabara kuu, ambako wachuuzi husubiri na malori yao. Wanajua wanachosubiri. Mwanamke mwenye magoti kama yake akishautua mkungu pale, hana nguvu ya kuurudisha nyumbani. Basi mchuuzi hutaja bei ya dhihaka, kisha huchezea simu yake mpaka mama akubali. Nimeliona hilo tangu utotoni na mpaka leo linanichemsha damu. Nilitaka mama aweze kukataa, hata mara moja tu. Na apakie mwenyewe, maana ukimsaidia kushika mkungu wake anakunyang'anya.

Fundi wangu wa vyuma, hapo hapo mjini, alikuwa na mawazo yake. Alichora kwa chaki ukutani.

"Dada, tunainua sakafu juu ya matairi. Inakuwa bapa, mwanzo mpaka mwisho. Utabeba karibu mara mbili."

Nakiri moyo uliniruka. Nilijiona nikipakia mbao bandarini Kemondo, magunia ya kahawa, vyombo vya harusi za ukoo mzima. Neno "sawa" lilikuwa limeshafika mdomoni. Halafu nikatoa daftari langu la vipimo vya wateja, nikanyoosha tepu kutoka ardhini hadi kwenye mstari wake wa chaki.

"Hapa ni kwapani," nikasema.

"Kwapani kwa nani?"

"Kwa mama."

Akavua miwani yake nyeusi. "Wengine wananitajia tani. Wewe unanitajia kwapa."

"Gauni likimbana mteja, simwambii akapunguze mwili," nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa imepanda kuliko nilivyotaka. "Sakafu ibaki chini. Matairi yajengee maboksi yake humo ndani."

"Utapoteza nafasi."

"Nipoteze."

Alinung'unika mpaka saa sita. Lakini alipoanza kukata chuma alikata vizuri, na mimi niliacha vitambaa vya watu vikinisubiri nikaenda kumtazama kila siku. Alitengeneza kuta tatu za kushuka kwa bawaba, akazisugua kingo zisishike khanga. Nikachagua rangi ya kijani. Siku ya mwisho aliniomba daftari mwenyewe, akauliza mkono wa mama una urefu gani, akachomelea mshikio pale vidole vyake vingefika. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo. Nilimpenda sana dakika ile, mzee yule mbishi.

Jumamosi niliingia na gari mpaka mlangoni kwa mama. Alilizunguka, akapapasa ukuta wa bodi, akatandika majani makavu ya migomba. Kisha akauchukua mkungu wa kwanza, akauegemeza kiunoni, akausukuma. Ukateleza ndani. Aliupakia wa pili haraka kuliko wa kwanza, na wa tatu akiwa anacheka. Mimi nilisimama pale nimekunja mikono, nimekatazwa kusaidia.

Barabarani alikuja mchuuzi yule yule wa miaka yote. Alishusha ukuta wa nyuma bila kuomba, akagonga mkungu kwa kidole, akataja bei yake, akatoa simu.

Mama alitikisa kichwa polepole, kama anayefikiri. Halafu akaenda nyuma, akashika mshikio, akaupandisha ukuta kwa mkono wake mwenyewe na kusukuma komeo. Akaja akaketi pembeni yangu.

"Turudi nyumbani," akasema.

Nikawasha gari. Kwenye kioo nilimwona mchuuzi anatia simu mfukoni na kuja mbiombio, akiita, "Mama, mama, tuongee." Nikakanyaga mafuta.

Mama akaniwekea mkono gotini. "Taratibu, mwanangu. Azione ndizi zinavyorudi."