Galaxie Iliyokwama Kibokoni na Bwana Harusi Ndani

Naona haya kuyasema haya, lakini kwa kuwa nusu ya Mji wa Kale walikuwepo na nusu ya pili wameshahadithiwa, bora mniskize mimi mwenyewe.

Kaka yangu Nasri alikuwa anaoa, nikahi baada ya alasiri msikitini Kibokoni, na baba wa bibi harusi, Ami Saidi, alishasema kwamba mkwe atakayechelewa nikahi yake basi arudi kwao. Desturi bwana harusi husindikizwa kwa miguu, ila mimi (naendesha pikapu ya wakala wa mizigo Kilindini, kwa hiyo hujiona dereva kweli) nikamshawishi apande gari la Kimarekani. Bwana Taher, mwenye duka la kanga Biashara Street, anayo mawili ya miaka ya sitini, Impala na Galaxie, akaniambia nichague moja.

Wiki nzima nikawa nayalinganisha. Impala ni laini, taa za nyuma tatu tatu zimepangwa kama vifungo, ukikanyaga mafuta linaondoka kimya. Galaxie ni zito, taa zake mbili za duara kama sinia, na injini (zote silinda nane, ila hii kubwa zaidi) inanguruma mpaka kifua kinatetemeka. Nikachagua Galaxie kwa ajili ya nguvu, kwa safari ya kwenda polepole nyuma ya wapiga matari! Bwana Taher aliniuliza kama litapita kwenye kichochoro cha kwenda msikitini, nikamwambia nimepima kwa kamba, ukuta hadi ukuta, na kweli nilipima, usawa wa kifua, maana niliogopea vioo vya pembeni. Baraza sikuzihesabu. Nimezaliwa hapo, nimezikalia tangu sijajua kusema, kwangu baraza ni mahali pa kukaa, si jiwe lililotokeza njiani.

Basi tukaingia, nikakanyaga mafuta kidogo ili watu waisikie injini, na gari likajipachika kati ya baraza mbili, mbele haliendi, nyuma haliendi. Milango yake ni miwili tu, mirefu, na yote ikagonga mawe. Wazee waliokuwa wamekaa wakapandisha miguu juu, kina mama wakajaa madirishani, na Nasri, na joho lake na kilemba chake, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Hassan, wananingoja." Nikamwambia apite dirishani.

Ndipo akatokea Ami Saidi, ametoka msikitini kutazama kulikoni, akamkuta mkwewe nusu ndani nusu nje, joho limenasa kwenye mkono wa kioo. Matari yakanyamaza. Ami akainama, akalinasua joho taratibu.

"Ulikuwa waja au wakimbia?"

"Naja, Ami."

"Haya, twende." Akanitazama mimi. "Huyu mwacheni hapo hapo na gari lake."

Wakaenda wote. Ndoa ya kaka yangu niliisikia kwenye kipaza sauti cha msikiti, nimeshika usukani, na aliposema "nimekubali" nililia peke yangu ndani ya Galaxie, hakuna hata wa kumpa mkono.

Walirudi baadaye kulisukuma, wakicheka. Nami nimeapa: ndugu yangu mwingine akioa, hata Bwana Taher anipe magari yote mawili, tutakwenda kwa miguu, na nitakaa ubavuni mwake mpaka aseme amekubali.