Fimbo Iliyopewa Maharage

Nilijikongoja kwa fimbo hadi kliniki ya mifupa, hapa Lushoto, kuahirisha upasuaji wa nyonga yangu. Woga tu. Jirani yangu kwenye benchi, mama mkulima wa Malindi ya huku huku milimani, alikuwa ameshafanyiwa.

"Damu iliacha kufika kwenye mfupa, ukafa," alinieleza. "Mfereji ukiziba huko juu, kabichi za chini si zinakauka? Nikamwambia daktari, basi zibua! Akasema, 'Mama, zimeshakauka. Tung'oe, tupande nyingine.'" Akajipiga kofi nyongani. "Ndiyo hii, ya chuma."

Daktari mwenyewe akatokea. "Shikamoo mama. Fimbo iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nimeichomeka shambani, maharage yanaipanda."

Benchi zima tuliangua kicheko. Zamu yangu ilipofika, niliomba tarehe ya karibu. Nami nina maharage.