Vidonge vya Mgongo na Munkoyo ya Jumapili

Tangu mke wangu afariki, Jumapili yangu ilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake, jirani yangu. Yeye alikuwa karani wa ghala katika kampuni ya mgodi ambayo mimi niliiendeshea malori. Tulipostaafu, kila mmoja alibaki katika nyumba yake ya zamani ya kampuni hapa mtaani Dilala, na ukuta wa matofali ukitutenganisha. Katikati ukuta huo ulikuwa umebomoka mvua moja kubwa iliponyesha. Hatukuujenga tena. Pengo lile likawa mlango wetu, na baada ya ibada alipita pale akiwa na kikombe chake mkononi, maana alisema vikombe vyangu vinanuka sabuni.

Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, wangu walitoka kaskazini mwa Katanga. Tulitaniana kwa hilo mpaka tukazeeka nalo. Yeye alisema bukari yangu, ugali wa kwetu, ni uji wa watoto. Mimi nilimwambia watu wa kwao huongea hata usingizini. Tulikunywa munkoyo, tukasikiliza baruti za mgodi zikitikisa madirisha, na saa zikaenda.

Kwa asiyeijua, munkoyo ni uji mwepesi wa mahindi unaochachushwa kwa mizizi. Siku ya kwanza ni tamu, hata mtoto hupewa. Ikikaa, hupata nguvu. Jirani yangu aliipenda ya siku ya tatu, ile inayochoma ulimi kidogo, na mama anayeuza pembeni ya barabara alimwekea. Lakini katika kanisa letu, ambako bia ni dhambi, hakuna aliyewahi kuiita munkoyo pombe. Hunywewa hata kwenye matanga, mchungaji akiwepo.

Kwa hiyo daktari aliponiuliza, sikudanganya kwa makusudi.

Nilikuwa nimekwenda kwake kwa sababu ya mgongo. Miaka ya kurushwarushwa kwenye kiti cha lori ilikuwa inanidai, na asubuhi moja nilishindwa kuinama kuvaa viatu. Daktari, mwanamke kijana, alinipa dawa ya kulegeza misuli. Alinieleza bila haraka: nimeze jioni, kwa wiki moja tu, italeta usingizi, mdomo utakauka, miguu inaweza kuwa mizito, na mtu wa umri wangu huanguka kwa urahisi. Nisishike usukani. Nisichanganye na pombe wala dawa ya usingizi. Nisimpe mtu mwingine.

"Tata, unakunywaka pombe?" aliniuliza, akiniita baba.

"Hapana, mama. Mi niko muntu ya kanisa."

Nilijibu kwa fahari, na Jumapili ile ile nikanywa munkoyo na jirani yangu.

Wiki ilipokwisha nilipaswa kurudi kwake. Sikurudi. Nilikwenda kwenye duka dogo la dawa karibu na soko, muuzaji akaangalia boksi tupu, akanipa jingine. Kisha jingine. Mdomo ulikauka kama nimekula unga mkavu. Nililala kanisani. Nikiinuka kitandani nilishika ukuta mpaka chumba kitulie. Niliyaita yote hayo uzee, kwa kuwa uzee haukunitaka niache kitu chochote.

Jirani yangu aliumia mgongo aking'oa mihogo shambani kwake. Alikuja siku hiyo akitembea upande kama kaa, akiulaani mstari wa kusubiri hospitalini. Mimi ndiye niliyetoa boksi mfukoni. Hakuniomba. Nilijua anameza dawa za shinikizo la damu, nilikuwa nimemwona akizimeza mara nyingi. Nilimpa vidonge viwili badala ya kimoja kwa sababu ni mtu mkubwa wa mwili, na nilijisikia nina faida kwa mtu.

"Weye sasa njo munganga?" aliniuliza. Akavisukuma kwa munkoyo.

Alikuwa akisimulia kisa cha bosi wetu wa zamani, kisa ninachokijua chote, na katikati yake akanyamaza. Nilimtania kwamba leo Kasai imeishiwa maneno. Baadaye akasema anataka kwenda kufungia kuku wake, akasimama, miguu ikakataa, akaanguka palepale kwenye pengo la ukuta, nyonga juu ya matofali.

Hospitalini tulimkuta daktari yule yule. Nyonga ilikuwa imevunjika, lakini lililomsumbua daktari zaidi ni kwamba mgonjwa haamki vizuri na shinikizo lake limeshuka sana. Binti yake, mwalimu aliyekuja kumtembelea kutoka Lubumbashi, aliulizwa baba amemeza nini. Akasema dawa zake za kila siku tu.

Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika viatu vya rafiki yangu. Nilifahamu kwamba nikisema, binti hataniachia baba yake tena. Nikanyamaza. Daktari akauliza mara nyingine, akaanza kuandika. Hapo ndipo niliposema yote: vidonge, vingapi, na munkoyo.

"Munkoyo ya siku ngapi?" aliuliza daktari.

Nilimwambia. Hakunifokea. Aligeuka kumwita muuguzi na kazi ikabadilika mbele ya macho yangu, mashine ikaletwa, mtu akawekwa kumwangalia anavyopumua. Kesho yake rafiki yangu alizinduka, akauliza kuku wamefungiwa na nani.

Daktari alisema baadaye kwamba alipaswa kuniuliza kuhusu munkoyo kwa jina lake. Mimi sikubali. Aliniuliza vya kutosha. Alichukua vidonge vyangu vilivyobaki na kunionyesha namna ya kunyoosha mgongo asubuhi. Unauma bado, lakini viatu navaa.

Binti alimchukua baba yake akamlee Lubumbashi. Siku ya kuondoka alinisalimu kwa mikono miwili, kama anavyopaswa kumsalimu mzee.

"Aksanti kwa kusema, tata. Lakini ulikawia."

Nyumba yake ilipangishwa kwa familia ya mfanyakazi wa mgodi mpya. Ni watu wema. Mwezi wao wa kwanza walileta fundi akaziba pengo. Matofali mapya ni mekundu, ya zamani yameshakuwa na rangi ya vumbi letu, hivyo mahali pa mlango bado panaonekana.

Rafiki yangu aliwahi kunipigia, kwa simu ya binti yake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Munkoyo unakunywaka na nani sasa?"

Nilimwambia nanunua ile ya siku ya kwanza, tamu. Akacheka, akasema ile ni ya batoto. Nilitaka kumwomba amalizie kisa cha bosi wetu, kutoka pale aliponyamazia. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuanza, binti yake akachukua simu, akaniambia kwa heshima kwamba baba amechoka.