Wekundu Ndani ya Kifundo

Juzi nilikuwa napalilia maharagwe yangu huko Nyamyumba, nikang'oa shina moja na kupasua kwa ukucha kifundo kimoja kati ya vile vinavyoota kwenye mizizi. Ndani kilikuwa chekundu. Leo najua maana yake: mharagwe bado unajitafutia mbolea hewani. Ukame ukizidi, wekundu ule hufifia.

Utotoni sikujua. Alasiri moja, kwenye mteremko wetu juu ya Rubona, mvua ilikuwa imetukimbia siku nyingi. Majani yalichakarika kama karatasi, na upepo ulileta harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia. Mama aling'oa shina, akapasua kifundo, akakikazia macho. Mimi nikaona damu.

"Mama, unaiumiza," nilisema.

"Nyamaza kwanza. Tuangalie ingine."

Akasogea mstari wa pili, kisha wa tatu. Kila mara damu ilipungua, na kila mara mama alikawia zaidi kabla ya kuinuka. Nilimkasirikia. Nikamwomba Mungu shina litakalofuata lisitokwe na damu.

Mungu akanisikia. Kwenye mstari wa mwisho, kifundo kilikuwa na rangi ya matope mpaka ndani.

"Hii iko muzima," nilisema kwa furaha. "Haina damu."

Mama aliketi palepale kwenye udongo, akanyoosha mkono, akang'oa shina lililokuwa karibu, kisha la pili, bila kuitazama tena mizizi.